Chumba cha Mashuka

Enzi zetu, mtu hakusema amefika mjini Meru mpaka awe amekanyaga Ngazi Nyekundu. Hoteli ile ilikuwa na jina lake rasmi, limechorwa kwa saruji juu ya mlango kwa herufi kubwa, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Kwetu ilikuwa Ngazi Nyekundu, kwa sababu ya zile ngazi za mbele zilizopakwa nta kila Jumamosi asubuhi na kusuguliwa kwa vipande vya blanketi kuukuu mpaka ukaona meno yako ndani yake. Jumapili, kanisa likitoka, familia nzima zilipanga foleni pale kupigwa picha. Baba anatia mkono mmoja mfukoni. Mama anashika mkoba ambao pengine ni wa jirani. Watoto wamepakwa mafuta mpaka nzi anateleza. Ukiingia leo nyumba yoyote ya watu wa rika langu, kuanzia Mikinduri mpaka Laare, utaikuta picha hiyo ukutani, na nyuma yao zile ngazi.

Vijana wa siku hizi nao hupigia picha pale pale, ila wao hupiga arobaini kwa dakika moja, wamekunja midomo kama wanaopuliza uji wa moto, na kufikia jioni wameshazifuta zote. Sisi tulikuwa na moja tu, na tuliishi nayo hata kama ulikuwa umefumba macho.

Pembeni mwa hoteli palikuwa na uwanja mtupu, na hapo ndipo tulipocheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa, na mpira wetu ulikuwa wa makaratasi na nailoni uliofungwa kwa kamba za migomba. Ukiingia ua wa hoteli, mpira huo ulikuwa mateka wa mpishi, Mzee Kaberia, mtu mwenye tumbo kubwa na sauti kubwa kulishinda tumbo. Alitoka na mwiko mkononi akipiga kelele, "Nani mama yake hana kazi ya kumpa?" Kisha anaurudisha mpira, na mara nyingine mandazi ya jana yanaruka nyuma yake. Hata leo nikisikia harufu ya mafuta ya mandazi ikichanganyika na nta ya sakafu na moshi wa makaa, naanza kuangalia kama kuna mpira unaonijia.

Hadithi za hoteli ile zilikuwa nyingi kuliko vyumba vyake. Tuliambiwa kwamba walioijenga walizika sanduku la dhahabu chini ya jiko, na ndiyo maana chakula cha pale kilikuwa kitamu. Tuliambiwa kwamba ukizihesabu ngazi ukipanda halafu ukazihesabu ukishuka, hesabu haiwezi kulingana. Nilijaribu mara nyingi na kweli haikulingana, lakini hesabu haikuwa somo langu. Tuliambiwa chui aliingia siku moja ya ukungu wa Julai, akapanda hadi ghorofa ya kwanza, akalala kwenye kitanda cha mgeni, na mgeni alipofungua mlango akaomba radhi na kwenda kutafuta chumba kingine. Lakini hadithi iliyoishi kuzishinda zote ni ya mzimu wa ghorofa ya pili, mzimu unaopiga pasi. Hiyo bado inasimuliwa. Wageni hutoka mbali kuisikia. Na hiyo ndiyo niliyoketi kuiandika, kwa sababu naijua kuliko mtu yeyote aliye hai, na nimechoka kuisikia ikiharibiwa.

Mama yangu, Nkirote, alikuwa dobi wa Ngazi Nyekundu. Chumba cha mashuka kilikuwa mwisho wa ujia wa ghorofa ya pili: rafu za mbao mpaka darini, meza ndefu iliyotandikwa blanketi, na dirisha moja linalotazama milima ya Nyambene. Alipiga pasi ya makaa, ile nzito yenye jogoo wa chuma mbele, na aliyachovya mashuka katika maji ya uji mwembamba uliochujwa ili yakauke yakiwa magumu kama karatasi. Alikuwa na mkunjo wake. Watu wengine walikunja shuka mara nne na kumaliza. Mama alikunja mara tatu kwa urefu, halafu akaingiza pembe moja ndani kama mtu anayefunga bahasha, hivi kwamba unaweza kulirusha shuka mpaka ng'ambo ya chumba na lisifunguke. Nilimwuliza nani alimfundisha. Akasema, "Hakuna. Nilichoka kukunja kitu kimoja mara mbili."

Baba tulimzika nikiwa darasa la nne. Mama akafuata nikiwa darasa la saba, baada ya ugonjwa wa miezi michache. Tulibaki wanne. Mimi Kathure, kifungua mimba. Mwenda, aliyekuwa na miaka kumi. Karimi, aliyekuwa na minane. Na Kiambi, mdogo wa mwisho, aliyekuwa na kifua kibovu na aliyekohoa kila ukungu uliposhuka.

Siku ya pili baada ya mazishi, watu wa ukoo waliketi uani kwetu kuamua habari zetu. Wasomaji wangu wa Meru mnajua jinsi mbuzi anavyogawanywa kwetu. Hakuna kubahatisha: kuna sehemu ya wazee, kuna ya akina mama, kuna ya wajomba, na kila mtu anaijua yake kabla kisu hakijanolewa. Basi hivyo hivyo ndivyo tulivyogawanywa. Mwenda alikuwa mwepesi wa kupanda miti, kwa hiyo akaenda kwa shangazi wa Laare mwenye shamba la miraa. Karimi akapewa binamu aliyekuwa na mtoto mchanga asiye na wa kumbeba. Mimi nikatengewa baba mkubwa M'Ikiara wa Mikinduri, ndugu ya baba, kwa sababu nilikuwa mkubwa na nilijua kulima. Wakafika kwa Kiambi. Wakanyamaza. Kiambi akakohoa. Bado wakanyamaza.

Nilisimama. Mpaka leo sijui miguu yangu ilipata wapi ruhusa.

"Hakuna anayekwenda," nikasema.

Shangazi wa Laare akacheka. "Sikieni! Mwenye boma amesema!"

"Mtoto hajibu wakubwa," akasema mzee mmoja.

"Sijajibu. Hamkuniuliza."

Wenzangu, enzi zetu neno kama hilo lilitosha kukupatia fimbo kutoka kwa watu watano, kila mmoja na fimbo yake. Baba mkubwa M'Ikiara, mtu mrefu asiyesema sana, aliinua mkono wakanyamaza. Akasema tutachukuliwa baada ya wiki moja, shughuli za matanga zikiisha. Hakunitazama. Nilimchukia kwa jinsi alivyokosa kunitazama.

Kabla wiki haijaisha nilikuwa nimewahamisha wadogo zangu. Nilikwenda kwa Mzee Kaberia jikoni, nikamwambia neno kwa neno, "Mashuka ya mama yamelala siku nane. Nipe pasi." Akanitazama, mwiko ukimdondoshea mchuzi kwenye kiatu.

"Na shule?"

"Shule watakwenda wale watatu."

"Na mtalala wapi?"

Niliutazama mlango wa ngazi ya nyuma. Naye akautazama. Kisha akaapa kwa sauti kubwa kwamba hajaona mtu, hajasikia mtu, na kwamba kuna uji umebaki kwenye sufuria ambao asingependa umwagike.

Hivyo tukawa wakazi wa chumba cha mashuka. Rafu za chini zilikuwa vitanda vyetu. Asubuhi wadogo zangu walishuka kwa ngazi ya nyuma na sare walizovaa zilikuwa zimenyooshwa kuliko za watoto wa mwalimu mkuu, maana pasi tulikuwa nayo. Nami nilibaki, nikapiga pasi, nikakunja mkunjo wa mama, na wageni hawakujua kwamba dobi amebadilika. Sisemi haya ili nihurumiwe. Watu wakisikia niliacha shule darasa la saba huinamisha kichwa upande kama wanaotazama kuku mgonjwa. Nyoosheni shingo zenu. Niliacha kwa miguu yangu mwenyewe, na nilijua naacha nini, na napata nini.

Tatizo lilikuwa kelele. Pasi ya makaa nzito huguna juu ya meza, na mbao za ghorofa ile ziliimba ukizikanyaga. Weita mmoja akaanza kuuliza nani yuko juu, na ilijulikana kwamba dobi amekufa na meneja hajaandika mwingine. Hapo ndipo Mzee Kaberia alipofanya kazi kubwa kuliko mapishi yake yote. Siku moja ya mchana, wafanyakazi wote wakila jikoni, pasi ikasikika juu. Guu. Guu. Weita akasimama na kijiko mkononi. Mzee Kaberia akaendelea kutafuna taratibu, akameza, akasema:

"Keti. Ni Nkirote. Hajamaliza mashuka."

Ndiyo hiyo. Huo ndio mwanzo wa mzimu wa Ngazi Nyekundu, ulizaliwa kati ya sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, na kikombe cha chai. Akawaeleza kwamba chumba kile kina mugiro, ule mwiko ambao watu wetu hawauchezei, na kwamba dobi aliyefia kazini haachi pasi mpaka aridhike mwenyewe. Akachukua majani makavu ya mgomba, akayasokota, akayafunga kwenye kitasa cha mlango wetu. Meneja mwenyewe, mtu wa suti, mtu wa kalamu mbili mfukoni, hakupanda tena ghorofa ya pili. Alisema kwamba yeye ni Mkristo na hayaamini mambo hayo, na kwamba ana kazi nyingi huku chini. Mashuka safi yalipoendelea kushuka kila siku, hakuuliza yanatoka wapi. Kuna watu wengi wa namna hiyo duniani. Wakipata mashuka safi, hawaulizi.

Mimi niliumia kidogo, nakiri. Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa, wa kwaya, na sasa watu walijitemea mate kifuani kufukuza balaa wakipita chini ya dirisha lake. Lakini usiku wa kwanza Karimi aliniuliza, "Kwa hiyo wanafikiri mama bado yupo?" Nikasema ndiyo. Akalala akiwa ametabasamu. Tangu hapo sikulalamika.

Kisha baba mkubwa M'Ikiara akatokea.

Ilikuwa Jumamosi ya ukungu, saa nane hivi mchana. Alikuwa ametutafuta mji mzima, na nyuma yake walikuja shangazi wa Laare na wazee wawili. Niliwasikia wakizozana na Mzee Kaberia chini ya ngazi ya nyuma. Niliwaambia wadogo zangu wapande rafu ya juu kabisa, nyuma ya mablanketi, na wasipumue. Mimi sikujua la kufanya. Nilifanya nililolijua. Nilichukua pasi, nikaanza kuisukuma juu ya meza tupu. Guu. Guu.

"Mnasikia wenyewe," sauti ya Mzee Kaberia ikasema. "Mimi nilikataa kuwaonyesha. Pandeni sasa."

Hakuna aliyepanda. Shangazi akaanza kuomba kwa Kimeru na Kiswahili na lugha nyingine ambayo sijaisikia tena. Nami nikaendelea, jasho linanidondoka mezani, na ndipo jambo nililoliogopa likatokea. Ukungu ulikuwa umeingia dirishani. Kiambi akakohoa. Mara moja, kavu, kama tawi linalovunjika.

Nilisimamisha pasi. Nilijua tumekwisha. Niliwaona wadogo zangu wakiondoka kila mmoja na njia yake, Mwenda juu ya mti wa miraa, Karimi na mtoto wa watu mgongoni, na Kiambi hapa, bila wa kumchukua.

Kisha nikasikia sauti ya baba mkubwa M'Ikiara. Alikuwa amevua kofia. Nilichungulia ufa wa mlango nikamwona, ameweka mguu mmoja juu ya ngazi ya kwanza.

"Nkirote," akaita. "Mke wa ndugu yangu. Mimi M'Ikiara nasema mbele ya hawa. Watoto wako hawatagawanywa. Atakayewagawanya, kirumi kimshukie yeye na mbuzi wake. Umenisikia. Sasa pumzika."

Kirumi ni laana, na kwetu neno lililoapwa mbele ya marehemu halirudi. Shangazi mwenyewe aliitikia. Wakaondoka. Na tangu mwaka ule, kila mavuno, gunia la mahindi na la maharagwe liliteremshwa jikoni kwa Mzee Kaberia kutoka Mikinduri, bila barua, bila salamu.

Tulikaa katika chumba kile miaka minne, mpaka Mwenda alipomaliza darasa la nane na tukapata vyumba viwili vyetu. Miaka mingi baadaye, baba mkubwa akiwa mzee sana, nilikwenda kumwona. Nilitaka kukiri. Niliketi karibu na kitanda chake nikaanza, "Baba, siku ile hotelini, haikuwa mama."

Akafungua jicho moja. "Mwari wakwa, binti yangu, wewe unafikiri mimi ni mjinga? Mzimu haukohoi."

"Ulijua?"

"Walipoketi watu wa ukoo, sikuwa na neno la kuwashinda wote. Wewe ulinipa la kuapia." Akafunga lile jicho. "Lakini ile pasi uliisukuma vibaya. Nkirote hakusukuma kwa hasira namna ile."

Sasa njooni leo. Hoteli imenunuliwa na watu wapya, wameipaka rangi ya majivu, na hata zile ngazi wamezifunika kwa vigae. Wakanitafuta. Aliyekuja ni msichana mchangamfu wa kitengo cha matangazo, Makena, mwenye simu mbili na kucha ndefu kama za tumbili. Alikuwa amesikia kwamba nina pasi ya zamani ya hoteli. Wanatengeneza ukuta wa historia pale mapokezi, akasema, na wangeipenda waiweke ndani ya kabati la kioo. Akanionyesha maneno yatakayoandikwa. Nikavaa miwani nikasoma.

Mzimu, kumbe, ni wa bibi harusi wa Kizungu. Aliachwa na mchumba wake, akafa kwa huzuni katika ghorofa ya pili, na mpaka leo anapiga pasi gauni lake la harusi.

Niliirudisha ile karatasi. "Huyu ni nani?"

"Ni legendi, Mum. Ndiyo wageni wanapenda."

"Mzungu gani aliyewahi kushika pasi katika mji huu?"

Akacheka, na ni haki yake kucheka. "Lakini Mum, story ya bibi harusi inauza. Dobi, mmh… dobi ni kawaida tu."

"Kawaida," nikasema. "Mwari, ulilala wapi jana?"

"Kwangu."

"Shuka lako nani alilifua?"

Akatazama simu zake zote mbili, hakuna iliyomjibu. Nikamwambia pasi ataipata siku ukuta ule utakapoandikwa jina Nkirote, dobi, mama ya watoto wanne, na chini yake jina la Kaberia, mpishi. Pasipo hivyo, itabaki kwangu, na nitaendelea kuinyooshea sare za wajukuu, maana umeme nao hupotea kila mvua ikinyesha. Akasema ataongea na wakubwa. Mpaka ninapoandika haya, wakubwa hawajaongea nami. Waje na bibi harusi wao. Mimi sina haraka. Nilizoea kusubiri makaa yashike.

Krismasi iliyopita tulikutana sote wanne. Mwenda ni mwalimu huko Embu, amejenga mtaa wa Dallas. Karimi ni muuguzi. Kiambi, yule asiyetakiwa na mtu, ana duka Laare, na shangazi yule yule wa kicheko hukaa kwenye benchi lake kila siku akisema, "Huyu ni wetu." Tulikwenda Ngazi Nyekundu kunywa chai. Chai sasa huja na maji kivyake, maziwa kivyake na majani ndani ya kifuko chenye kamba, kana kwamba umeajiriwa kuipika mwenyewe. Tukapanda ghorofa ya pili. Hakuna aliyetuzuia.

Chumba cha mashuka bado ni chumba cha mashuka. Mashine ya umeme imewekwa mahali pa meza yetu, na rafu zimebadilishwa kuwa za chuma. Msichana mmoja alikuwa pale anakunja, kijana sana, waya za muziki masikioni. Nikasimama mlangoni nikimtazama. Alikunja mara tatu kwa urefu. Kisha akaingiza pembe moja ndani, kama mtu anayefunga bahasha, akalirusha shuka juu ya rafu. Halikufunguka.

Karimi alinishika mkono mpaka mifupa ikauma.

"Nani alikufundisha kukunja hivyo?" nikauliza.

Akatoa waya moja sikioni. "Eeh? Hii? Hata sijui, Mum. Yule aliyenitangulia. Hapa tunakunjanga tu hivi."

Enzi zetu, mtu alikuwa na picha moja na jina moja, na vyote viwili vilitunzwa. Siku hizi kuna picha nyingi, kuna kuta za historia zenye taa, na jina la aliyefanya kazi halimo popote. Basi nilikwenda karibu na yule msichana nikamwambia, "Huu unaitwa mkunjo wa Nkirote."

"Wa nani?"

"Nkirote. Alikuwa dobi hapa. Sema."

Akatutazama sisi wanne wenye mvi tuliojaa mlangoni, Kiambi akikohoa kwa sababu ya ukungu, na nadhani alituona kama wendawazimu.

"Nkirote," akasema. Akachukua shuka jingine.